Kwanza Niambie Imezimikaje

Mvua za masika zikishakatika na mto Ruvu ukaanza kurudi ndani ya kingo zake, mabondeni kuzunguka Mlandizi utasikia pampu za petroli tangu alfajiri. Kuna bamia, nyanya chungu, mchicha, matikiti, mahindi ya kuchoma, na vyote vinasubiri maji ya mashine. Huo ndio msimu wangu wa kazi. Mimi ni fundi wa injini ndogo, na mashine zinazoletwa bandani kwangu kwa wingi si zile zilizokataa kuwaka. Ni zile zinazowaka vizuri kabisa, mwenye nayo akafurahi, akageuka kushika mpira wa maji, ikazima nyuma yake.

Mara nyingi inafika ikiwa imeshavaa plagi mpya. Wakati mwingine imeshavaa na kabureta mpya, na bado haikai. Hilo linaniuma, kwa sababu fedha ya kabureta ni fedha ya mbegu au mbolea, na imenunua kitu ambacho hakikuwa kibovu. Ndiyo maana mteja akishusha mashine kwenye bodaboda, kabla sijashika spana namuuliza: imezimikaje? Ilikata ghafla au ilififia taratibu? Ilikuwa ya baridi au imeshapata moto? Ulikuwa umeshafungua choki? Ilikuwa inasukuma maji au inanguruma bure?

Mashine isiyowaka kabisa haijakueleza kitu. Inayowaka kisha ikazima imeshakupa nusu ya jibu: cheche ipo, kompresheni ipo, mafuta yanafika japo kidogo. Kilichobaki ni kujua nini kinapungua, na kinapungua wakati gani.

Pampu nyingi za huku zimefuata umbo la injini moja, Honda GX160. Jamii hiyo ya GX iliingia sokoni mwaka 1983, na viwanda vingi, hasa vya China, vikatengeneza zinazofanana nayo kiasi kwamba vipuri vingi vya moja vinaingia kwenye nyingine. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 163. Ikikimbia mizunguko 3,600 kwa dakika, kranki inazunguka mara 60 kwa sekunde, na kwa kuwa ni injini ya mipigo minne, silinda inavuta hewa na petroli mara 30 katika sekunde hiyo hiyo. Mchanganyiko unaoungua sawasawa unataka karibu gramu 15 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli. Kabureta haina kompyuta wala umeme. Inapima uwiano huo kwa vitundu tu, na kitundu cha kulisha injini inaponguruma taratibu hakifikii upana wa nusu milimita. Chembe ya kutu kutoka kwenye dumu inatosha kukiziba.

Basi tuanze na kisa ninachokutana nacho zaidi. Unafunga choki, unavuta kamba, injini inawaka. Unafungua choki, inakohoa na kuzima. Ukifunga tena, inawaka tena. Choki ni kibati kinachobana njia ya hewa ili injini ivute petroli kwa nguvu zaidi, kwa sababu injini ya baridi inahitaji mchanganyiko mzito. Kama mashine imeshapata moto na bado haiwezi kuishi bila choki, imekwambia waziwazi kwamba petroli inayopita ni ndogo kuliko hewa. Plagi hapo haina kosa. Tafuta njia ya mafuta ilikozibwa.

Dada wa huyo mgonjwa ni mashine inayopanda na kushuka. Unaisikia ikilia juu, ikizama, ikilia juu, bila mtu kugusa resi. Wengi husema gavana imeharibika, na nimeona gavana zikipindwa na waya zake kukatwa bila hatia. Gavana inafanya kazi yake vizuri. Petroli ikipungua, injini inalegea. Gavana inahisi mwendo umeshuka, inafungua njia ya hewa, mafuta ya jeti kubwa yanaingia, injini inaruka. Mwendo ukizidi, gavana inafunga, na injini inarudi kutegemea jeti ndogo ambayo imeziba. Inalegea tena. Safisha jeti, na gavana itatulia yenyewe.

Lakini kabla ya kufungua kabureta, fuata petroli kuanzia inakotoka. Ifanye kazi hii nje, injini ikiwa imepoa, pasipo sigara wala jiko la mkaa karibu. Funga koki, chomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa ya kioo, kisha fungua koki. Petroli inatakiwa itoke mfululizo, bila kukatika. Ikidondoka tone kwa tone, tatizo lako liko juu: chujio la ndani ya tangi, mpira uliopinda, au tope. Chini ya koki ya injini za aina hii kuna kikombe kidogo chenye kichujio cha wavu. Unakifungua kwa spana namba 10. Sijui kwa nini wauzaji hawawaonyeshi wateja kikombe hicho, maana nusu ya mchanga wa Mlandizi huishia humo, na kukisafisha hakuchukui muda wa kuchemsha chai.

Chupa ya kioo ina faida nyingine. Iache itulie kidogo uitazame kwenye mwanga. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo yatakaa chini yakiwa vidonge vinavyozunguka bila kuchanganyika. Maji huingia tanki likikaa nusu tupu usiku wa baridi na hewa ya ndani ikatoa unyevu, au mfuniko ukiachwa wazi kwenye manyunyu, au dumu lililoshika mafuta likiwa lilibeba maji jana. Chini ya bakuli la kabureta kuna boliti ya kumwagia. Ilegeze, mwaga, funga. Mashine nyingi zinazokata na kurudi ovyo ovyo zimepona kwa hilo tu.

Petroli yenyewe nayo huzeeka. Sehemu zake nyepesi, zile zinazowaka upesi, ndizo zinazoruka kwanza hata kama dumu limefungwa vibaya kidogo tu. Inayobaki huungana na hewa taratibu na kuwa utomvu wa njano unaonata. Mkulima anayefunga pampu stoo baada ya mavuno akaiacha na mafuta kwenye kabureta, akiichukua msimu unaofuata atakuta jeti imepakwa utomvu huo. Dawa yake ni ndogo: siku ya mwisho ya kazi, funga koki wakati mashine inawaka, uiache imalize mafuta yaliyomo mpaka izime yenyewe.

Kuna pia petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Mwaka 2010 EWURA ilianza utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta yanayouzwa nchini, ili uchakachuaji ugundulike vituoni. Lakini petroli inayofika shambani ikiwa kwenye chupa za maji haitoki moja kwa moja kituoni, imepita mikono kadhaa. Mafuta ya taa hayageuki mvuke upesi. Mashine inakuwa ngumu kuwaka asubuhi, inatoa moshi, inagonga ikibebeshwa kazi, na plagi inakuwa nyeusi. Mimi huwaomba wateja wanunue kituoni wenyewe, hata ikibidi watumane kwa zamu.

Ukifika kwenye kabureta sasa, fungua bakuli na utazame sakafu yake kabla hujaifuta. Unga mwekundu ni kutu ya tanki. Rangi ya kijani ni maji yaliyokaa muda mrefu yakila shaba. Jeti kubwa iko katikati, inafunguliwa kwa bisibisi bapa inayoenea sawasawa kwenye mkato wake, kwa sababu shaba ni laini na bisibisi ndogo itauharibu. Nyuma yake kuna mrija wenye vitundu vya pembeni, na huo unasahauliwa. Jeti ndogo imejificha: inakaa chini ya skrubu ya kurekebisha mwendo wa taratibu. Toa skrubu, kisha inua kile kichwa cha plastiki polepole. Zibua kwa unyuzi mmoja wa shaba uliotolewa kwenye waya wa umeme, halafu puliza, halafu inua jeti uelekeze juani. Unatakiwa uone duara kamili la mwanga. Sindano ya kushonea na chuma cha spoki vitapanua tundu, na jeti iliyopanuliwa hairudi. Mashine itakunywa mafuta kupita kiasi mpaka ununue nyingine.

Nimekaa sana kwenye kabureta kwa sababu ndiko matatizo mengi yaliko. Lakini kosa linalonisikitisha zaidi ni la watu kuishia hapo, kana kwamba kila injini inayozima ina kabureta chafu.

Mzee mmoja anayelima bamia alikuja na pampu ambayo mafundi wengine walikuwa wameshaisafisha kabureta. Tulizungumza hivi:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Hii mashine imenichosha. Inawaka, inamwagilia majaruba matatu, manne, kisha inafifia na kuzima."

"Ikizima unafanyaje?"

"Nafungua tangi naangalia, mafuta nayaona yapo. Nafunga, navuta kamba, inawaka. Inakwenda tena, inazima tena."

"Mzee, usipofungua tangi, inawaka?"

Akafikiri. "Hapo umeniuliza jambo. Sijawahi kuacha kufungua."

Dawa ilikuwa mikononi mwake siku zote bila yeye kujua. Mfuniko wa tangi una kitundu cha kupumulia. Petroli ikishuka, hewa lazima iingie kushika nafasi yake. Kitundu kikiziba kwa vumbi na mafuta, tanki linabaki na hali ya mtu anayefyonza soda kwenye chupa huku midomo imeziba mdomo wote wa chupa: unafika wakati hakitoki kitu. Kila alipofungua kuangalia, hewa iliingia na mafuta yakashuka. Nililoweka mfuniko kwenye petroli, nikazibua, nikaupuliza. Ukitaka kupima mwenyewe, mashine ikianza kufifia legeza mfuniko nusu mzunguko. Ukisikia hewa ikivutwa ndani na injini ikanyanyuka, umeshajua.

Baada ya dakika kadhaa za kazi ndipo pia koili, inayotoa cheche, hufa. Dalili zinakaribiana, ila tofauti iko katika namna ya kuzima. Injini inayokosa mafuta hufifia, hukohoa, wakati mwingine hujaribu kurudi. Inayokosa cheche hukata mara moja ikiwa katikati ya kazi. Ndani ya koili kuna waya mwembamba mno uliozungushwa maelfu ya mara. Ukiwa na ufa, joto linautanua na njia ya umeme inakatika. Ukipoa, unaungana. Kwa hiyo koili mbovu inawaka kila asubuhi na kukudanganya. Ipime wakati ule ule imezima, ikiwa ya moto: chomoa kofia ya plagi, vika plagi nyingine nzima, gusisha chuma chake kwenye bodi ya injini mbali na petroli, ile plagi ya kwanza ikiwa bado imefungwa mahali pake, kisha vuta kamba. Shika kwa koleo lenye mpira. Cheche ya buluu inayolia inakutoa wasiwasi. Isipoonekana, bado usikimbilie dukani. Kwanza chomoa waya mwembamba unaotoka kwenye koili kwenda kwenye swichi, ujaribu tena. Mtetemo husaga waya huo kwenye fremu mpaka ganda likaisha, na ukigusa chuma unazima injini kama ulivyokusudiwa kuzima. Kipande cha utepe wa umeme kimewaokolea watu fedha ya koili. Koili ikithibitika imekufa, unapofunga mpya acha nafasi ya karibu milimita 0.4 kati yake na gurudumu la sumaku.

Kuna mashine nyingine inayokata ghafla, na hii ni ya kingoni mwa mto hasa. Inawaka bandani kwangu mchana kutwa bila neno. Ikipelekwa shambani inazima. Nikienda huko naikuta imeegeshwa kwenye mteremko, pua imeelekea maji. Ndani ya injini nyingi za aina hii kuna boya linalopima oili. Oili ikishuka, boya linakata cheche ili injini isijisage. Pampu ikilala upande, oili inakimbilia pembeni na boya linaona pakavu hata kama oili ipo. Injini hizi zinabeba karibu lita 0.6 tu, kwa hiyo upungufu mdogo unatosha. Chimba jukwaa dogo, weka pampu sawa, pima oili ikiwa imesimama wima, ongeza mpaka ukingo wa tundu la kujazia.

Nasema hili kwa msisitizo kwa sababu nimeshaona linakoishia: kuna wanaokata waya wa boya hilo ili mashine "isisumbue." Unaweza kuuchomoa kwa muda kupima kama ndio unaozima, baada ya kuhakikisha oili imejaa. Kuuacha umekatwa ni kumwambia mlinzi aende nyumbani. Oili itakwisha siku moja, konrodi itakamata kwenye kranki, itavunjika na kutoboa bloku. Hapo hakuna tena cha kutengeneza.

Mashine inayonguruma vizuri bure lakini ikianza kusukuma maji inakosa nguvu na kuzima, itazamwe pumzi yake kwanza. Chujio la hewa la sponji lioshwe kwa maji ya sabuni, likaushwe kabisa, lidondoshewe oili kidogo na kukamuliwa. La karatasi halioshwi, linakung'utwa, na likichakaa linabadilishwa. Kiangazi, kando ya barabara ya vumbi, litazame kila wiki. Upande wa pili ni njia ya moshi. Nyigu wa udongo hupenda tundu lolote lililotulia, na pampu iliyokaa stoo miezi michache ni nyumba nzuri kwao. Nimetoa udongo wao kwenye eksozi zaidi ya mara moja.

Vali nazo, kwa kifupi: mashine iliyofanya kazi miaka mingi, ikazima ikiwa ya moto na kamba ikawa nyepesi kuvuta, ipimwe nafasi za vali ikiwa imepoa. Ya kuingizia hewa ni milimita 0.15, ya kutolea moshi 0.20. Kazi hiyo mpe fundi mwenye geji.

Nimebakisha kisa kimoja ambacho nakiweka peke yake, kwa sababu hapa si mashine tu inayozimika.

Pampu haivuti maji kwa nguvu yake. Inaondoa hewa kwenye bomba, na uzito wa hewa ya nje ndio unaosukuma maji kupanda. Uzito huo, hata pampu ingekuwa kamilifu, hauwezi kuyainua zaidi ya mita 10 hivi, na kwa pampu zetu ukivuka mita 7 unapata shida. Kiangazi kikikaza na maji ya kisima yakashuka, wakulima huchimba shimo na kuishusha pampu ndani ili iwe karibu na maji. Inawaka. Baada ya muda inaanza kulia nzito, inafifia, inazima. Mwenye nayo anashuka kuvuta kamba.

Imezima kwa sababu inavuta moshi wake mwenyewe. Hewa safi shimoni imekwisha. Katika moshi huo kuna monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu kwa nguvu kupita oksijeni mara zaidi ya 200. Aliyeshuka anavuta kamba kwa bidii, anahema, na kila anapohema anaingiza gesi hiyo. Miguu inalegea kabla hajajua kwamba anaumwa. Anayemfuata kumtoa anavuta hewa ile ile.

Kwa hiyo ukiniambia imezimikia shimoni, sitakuuliza choki wala plagi. Iache huko. Usishuke, usimtume kijana, hata kama moshi hauonekani tena. Ivute juu kwa kamba uliyoifunga kwenye fremu tangu ulipoishusha, na kama hukuifunga, ipoteze hiyo pampu. Aliyekwisha kuanguka ndani avutwe kwa kamba na watu walio juu, na asiwepo wa kumfuata bila kifaa cha kupumulia.

Kisima kilichoshuka kupita mita 7 hakitaki pampu ya petroli tena, iwe nzima namna gani. Kinataka pampu ya umeme ya kuzamisha, inayokaa ndani ya maji na kuyasukuma kutoka chini, ikiendeshwa na sola au jenereta. Wakulima wawili watatu wakichangiana, inawezekana. Jenereta inabaki juu, mbali na mdomo wa kisima, upande ambao upepo hautarudisha moshi, na ikizima, wa kuvuta kamba anavuta akiwa amesimama kwenye hewa.